Simamisheni Nguzo Inayokubali Kuanguka

Nawaandikia ninyi mliojaliwa kununua nyumba katika nchi ya watu, ninyi wa Minnesota na Iowa, wa Texas na Ohio, mliokaa miaka mingi kwenye vyumba vya kupanga na leo mna ufunguo wenu, uwanja wenu wa majani na deni lenu la benki. Habari ninayowaandikia ni ya nguzo. Si nguzo ya wingu wala nguzo ya moto. Ni hiyo iliyosimama pembeni mwa barabara mbele ya nyumba yako, iliyobeba sanduku la barua, iliyolegea, iliyopauka, unayoipita kila alfajiri ukikimbilia zamu. Itazame leo!

Somo letu limo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Musa anasema na watu ambao bado hawajavuka Yordani. Hawana nyumba, wanalala kwenye mahema. Naye anawaagiza kwamba siku watakapojenga nyumba mpya, wazungushie ukingo juu ya dari, ili mtu asije akaanguka kutoka huko na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Agizo lenyewe limekaa kati ya sheria ya kiota cha ndege na sheria ya kutochanganya mbegu shambani, nasi huruka juu yake tukikimbilia baraka za sura ya 28. Rudini nyuma! Angalieni kitu ambacho Musa hakuuliza. Hakuuliza aliyeanguka ni nani. Huenda ni mgeni wa heshima, huenda ni fundi aliyelewa, huenda ni mwizi aliyepanda usiku. Hakuna neno. Mwenye nyumba ndiye anayeulizwa alijenga nini.

Sasa paa la nyumba ya Marekani lina mteremko, hakuna anayepanda kupunga upepo. Basi damu ya mgeni inakaribia nyumba yako mahali gani? Ni pale pembeni mwa barabara. Gari likiteleza kwenye barafu, dereva akisinzia, mzee akishikwa na kiharusi akiwa kwenye usukani, gari linaiacha lami, na kitu cha kwanza kukutana nalo ni kile ulichokisimamisha wewe.

Najua tulikotoka. Kwetu barua haikuja nyumbani. Ilikwenda S.L.P., na sanduku lenyewe mara nyingi lilikuwa la shule, la misheni, au la kiwanda alichofanyia kazi mjomba. Ilikaa kwenye droo ya mwalimu mkuu mpaka mtu akumbuke. Na nyumba ya aliyefanikiwa tuliijua kwa ukuta, kwa geti la chuma na vipande vya chupa vilivyopangwa juu. Tumefika huku, ukuta wa mbele haupo. Majani yako yanagusana na ya jirani, na mbwa wake anapita atakavyo. Fahari yote iliyokuwa igawanywe kwenye ukuta na geti imekosa pa kukaa, ikajikusanya kwenye kitu kimoja kinachoruhusiwa kusimama mbele: nguzo ya sanduku la barua. Ndipo fundi anaitwa. Mchanga unamwagwa, nondo zinasukwa, matofali yanapangwa hadi kifuani, katikati panajazwa zege, juu zinapachikwa taa mbili na simba aliyelala. Wageni wanaalikwa kuomba baraka na kula pilau. Wanapiga picha mbele yake. Hakuna hata mmoja anayeuliza: na gari likija?

Ndugu yangu, umejenga mtego, tena umeuwekea taa.

Gari lililoteleza saa kumi na moja alfajiri halikukukosea kitu. Anayeliendesha anaweza kuwa muuguzi aliyetoka kugeuza wazee kitandani usiku kucha, na ninyi mnaosoma hapa wengi ndiyo kazi mnayoifanya. Anaweza kuwa binti yako mwenyewe mwenye leseni mpya. Alipoiacha barabara alikuwa na nafasi ya kusimama kwenye majani, ashuke akitetemeka, ampigie baba yake. Nafasi hiyo umemnyang'anya kwa matofali.

Wala msiseme haya ni maneno ya mhubiri tu. Posta ya Marekani katika kanuni zake inasema kwamba nguzo iliyo bora ni ile inayopinda au kuanguka inapogongwa na gari. Inataja kwa majina zile za hatari: nguzo za chuma kizito, nguzo za zege, na zana za shambani kama makopo ya maziwa yaliyojazwa zege. Makopo ya maziwa! Maana yake wenyeji nao wamejaribu kila aina ya kiburi kabla yetu. Inayopendekezwa ni mbao ya inchi 4 kwa 4, au bomba la kawaida la chuma au alumini lenye kipenyo cha inchi 2, lizikwe lisizidi inchi 24, yaani kama sentimita 60. Mbao hiyo ukiipima dukani utaikuta na inchi tatu na nusu kila upande. Usigombane na muuzaji, ndivyo inavyouzwa nchi nzima baada ya kurandwa.

Hapa wengi watanikatalia, kwa kuwa maelekezo ya dukani mara nyingi humwambia mtu amwage mfuko wa zege shimoni. Mwongozo wa wahandisi wa barabara kuu unasema vingine: nguzo isishikwe na zege, isipokuwa muundo wake umejaribiwa kwa kugongwa ukaonekana salama. Mimi niko na wahandisi. Rudisha udongo kidogo kidogo, ushindilie kila tabaka kwa kipande cha mbao mpaka uwe mgumu chini ya kisigino, kisha uongeze mwingine. Nguzo hiyo itasimama kwa upepo na kwa mvua, na siku ya gari italala.

Mwingine ataniambia habari za vijana wanaopita usiku na virungu vya besiboli wakivunja masanduku ya watu. Ni kweli wapo. Nao wana sheria yao: kuharibu sanduku la barua kwa makusudi ni kosa la jinai la nchi nzima, na kifungo chake kinafika miaka mitatu. Waachie wenye kazi hiyo. Wewe usimhukumu mtoto wa miaka 16 kwa zege.

Tukiacha gari, kuna mkono. Nguzo hii umeinunua wewe, ikivunjika utaitengeneza wewe, lakini imesimamishwa kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine. Tazameni gari la tarishi: usukani wake uko kulia, kama magari ya Dar es Salaam na Mombasa, katika nchi ambayo watu wote huendesha wakiwa wamekaa kushoto. Kwa nini? Ili asogee ukingoni, anyooshe mkono dirishani, atie barua, aende, bila kushuka. Atafanya hivyo mara mamia kabla ya jioni, kwenye jua la Texas na kwenye baridi ya Minnesota inayopasua midomo. Wewe ukiweka sanduku chini mno kwa kuwa limependeza na maua, au juu mno kwa kuwa nguzo uliikuta dukani ndefu ukaona uvivu kuikata, umelitwisha bega la mtu mzigo wa kila siku. Je, hilo si dhambi ya kuungama? Mimi nasema ni dhambi.

Kwa hiyo pima! Kutoka kwenye uso wa barabara hadi sakafu ya sanduku iwe inchi 41 hadi 45, sawa na sentimita 104 hadi 114. Nimesema kutoka kwenye barabara. Watu hupima kutoka kwenye majani, na majani ya wengine yako juu ya lami, ya wengine yako mtaroni, halafu wanashangaa tarishi akinuna. Mlango wa sanduku ukae nyuma ya ukingo wa barabara kwa inchi 6 hadi 8, sentimita 15 hadi 20. Kama barabara yako haina ukingo ulioinuliwa, usikisie. Nenda posta ya eneo lako, umuulize mkuu wake, naye atakuelekeza. Maua pandeni, dada zangu, lakini yawe mafupi, mbali na mlango. Waridi lenye miiba na nyuki karibu na mkono wa mfanyakazi si pambo hata kidogo.

Huduma hii tunayoizoea upesi hata wenyeji waliisubiri. Mkulima wa Marekani naye alikuwa akifunga safari hadi mjini kuulizia barua, kama babu zetu, mpaka tarehe 1 Oktoba 1896, ugawaji wa barua mashambani ulipoanza kujaribiwa huko West Virginia. Wakaweka walichokuwa nacho: ndoo za mafuta ya nguruwe, makopo matupu, maboksi ya sabuni yaliyopigiliwa kwenye kijiti. Mwaka 1915 mhandisi mmoja wa posta, Roy Joroleman, akachora sanduku la bati lenye mgongo wa mviringo na kibendera ubavuni. Mchoro ule haukufungiwa hati miliki. Kila kiwanda kiliruhusiwa kuutumia, na ndiyo maana unauona mbele ya nyumba za matajiri na za maskini. Mnunue hilo au jingine, lakini liwe na alama ya kwamba limekubaliwa na mkuu wa posta wa nchi. Ukiamua kuchonga la kwako mwenyewe, mpelekee kwanza mkuu wa posta wa eneo lako aliangalie.

Mbao sasa. Msonobari uliotiwa dawa ni wa bei nafuu na unadumu ardhini. Mwerezi wa huku si ule wa Lebanoni uliojengea hekalu la Sulemani, ila nao kiini chake hustahimili kuoza na rangi yake inapendeza. Kuna na magamba ya plastiki nyeupe yanayovalishwa juu ya mbao, hayahitaji rangi, ingawa baridi kali huyafanya yapasuke kwa pigo dogo. Ukikata nguzo ya msonobari, ncha uliyoikata iwe juu, ile ya kiwandani ndiyo iende shimoni, kwa sababu dawa haifiki sana katikati ya mti na msumeno wako umefungua mlango wa kuoza. Ipake dawa ncha hiyo, kisha uivishe kofia ili maji yasiingie. Skrubu ziwe za mabati au zisizoshika kutu, maana shaba iliyo kwenye dawa ya mbao hula chuma cha kawaida. Na rangi subiri! Mbao iliyotiwa dawa hutoka dukani imelowa. Iache ikauke wiki kadhaa, usije ukapaka Jumamosi, na kiangazi kinachofuata ukaanza kubandua.

Ninyi wa kaskazini mna mtihani wenu. Greda la theluji linapopita, mara nyingi si bamba lake linaloangusha sanduku bali ule mzigo wa theluji nzito linaorusha pembeni. Kanuni za posta zinakuruhusu kufunga sanduku kwenye mkono unaosogea. Basi nguzo isimamishe nyuma kidogo, mkono ulifikishe sanduku mbele, na theluji ikija sanduku litayumba na kurudi. Nayo ardhi ya Minnesota huganda hadi kupita mita moja kwenda chini. Maji yaliyomo hufura, yakainua nguzo taratibu bila mtu kuona. Kila Aprili toka na pimamaji na futi, uipime upya. Ukiona imepanda au imelala, isawazishe siku hiyo hiyo.

Lakini kwa nini nawaka hivi kwa ajili ya kijiti cha barua, wakati watu wote wana simu? Nawaka kwa sababu mambo makubwa ya maisha ya mhamiaji bado yanapita kwenye bati hilo. Kadi ya kijani huja kwa posta. Kibali cha kazi huja kwa posta. Kadi ya namba ya Hifadhi ya Jamii, wito wa kwenda kuchukuliwa alama za vidole, tarehe ya kusimama mbele ya hakimu wa uhamiaji: yote kwa posta. Na asiyefika mbele ya hakimu huyo anaweza kuamriwa kuondoka nchini akiwa hayupo chumbani. Mnasikia? Mtu amekesha akifunga na kuomba apate makaratasi, na makaratasi yamekuja, yakakosa mlango, kwa kuwa namba ya nyumba ilifutika na sanduku lilining'inia kwa waya! Usimsingizie Shetani. Shetani hakupewa kazi ya kubandika namba yako.

Namba iwe na urefu wa inchi moja au zaidi. Mimi nasema iwe tatu, kwa kuwa gari la wagonjwa nalo huitafuta gizani. Iwe mlangoni pa sanduku, au ubavuni upande wa kibendera, kwa rangi inayopingana na ya sanduku. Ikiwa sanduku limesimama kwenye barabara nyingine kuliko ile ya anwani yako, andika na jina la barabara. Na wewe ambaye hujapata uraia, ukihama una siku 10 za kuwaarifu watu wa uhamiaji anwani mpya. Nguzo nzuri mbele ya nyumba usiyowaambia kwamba unakaa haina msaada wowote kwako.

Mtaniuliza: basi mapambo umetukataza? Hasha! Nani aliyesema Mungu hapendi uzuri? Yeye ndiye aliyemjaza Bezaleli roho ya ufundi wa kuchonga miti. Chonga! Tunatoka katika pwani ambayo mlango wa nyumba ulichongwa minyororo, samaki na mitende na mafundi wa Lamu na Unguja waliojua wanachofanya. Ufundi huo haukuachwa bandarini. Chukua patasi, uchore mnyororo mwembamba kwenye pembe za nguzo, kina kifupi tu, usiidhoofishe mbao wala usiache ncha ya kuchoma mkono. Au paka sanduku rangi za kitenge cha mama yako, lipendeze mtaa mzima. Yaepuke machache tu. Matangazo ya biashara ni marufuku kwenye sanduku, kwa hiyo namba ya simu ya saluni yako haikai hapo. Na sanamu ya kumdhihaki mtu yeyote imekatazwa waziwazi na kanuni za posta, hata kama jirani yako anastahili. Kibendera usikipake kijani, kahawia, nyeupe, njano wala buluu. Posta hupendelea rangi ya machungwa inayong'aa. Na kama mtaa wenu una jumuiya ya wenye nyumba, ombeni kitabu chao cha kanuni kabla ya kununua chochote, kwa kuwa wengine wamechagua aina moja ya nguzo kwa nyumba zote, na faini yao haijali umechonga vizuri kiasi gani.

Neno moja kwetu sisi watu wa kanisa, nalo litauma. Makaratasi ya mkutano wa injili, kadi za mchango wa harusi, matangazo ya kwaya kuzindua albamu: hayaingii kwenye masanduku ya majirani kama hayana stempu! Sheria iko tangu mwaka 1934, na mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya nchi iliithibitisha watu walipoipinga kwa kudai uhuru wa kusema. Sanduku amelinunua jirani, lakini tundu lake limekabidhiwa posta. Piga hodi mlangoni, umpe mtu mkononi, umtazame usoni. Uinjilisti wa kutupia na kukimbia ni wa nani?

Basi inukeni. Kabla ya kugusa sururu, piga simu namba 811, siku chache za kazi kabla ya siku ya kuchimba. Ni bure kwa mwenye nyumba, nchi nzima. Watakuja watu kupulizia rangi kwenye majani: njano ni gesi, nyekundu ni umeme, buluu ni maji ya kunywa, machungwa ni nyaya za simu na intaneti, kijani ni maji taka. Usimcheke anayepiga simu kwa ajili ya shimo la sentimita 60, kwa sababu nyaya nyingine zimelala juu ya hapo. Wakishaondoka, chimba kwa jembe la mkono pale pasipo na rangi, tia kokoto kidogo chini maji yapite, simamisha nguzo, iweke timazi pande mbili, shindilia. Wale wenye mnara wa matofali, nao wana kazi ya nyundo Jumamosi hii. Waiteni vijana wa kanisa wawasaidie, na pilau ipikwe tena.

Ukimaliza, ingia kwenye gari ukae upande wa abiria, mwenzio aendeshe polepole akifuata ukingo wa barabara. Shusha kioo, nyoosha mkono, ufungue mlango wa sanduku, utie bahasha, ufunge. Ukilazimika kutoa bega nje ya dirisha, shuka, ing'oe, uisimamishe upya.